Usimsindikize Mgeni

Jumapili, 2 Februari

Mume wangu mpendwa,

Marahaba. Nimeitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua siku hizi unaandika mbiombio. Mimi sijambo, ila magoti yana lao jambo. Wewe je? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula? Wenzako wa kazini wakishangaa kwamba unaandikiwa na mke mwenye mvi, waambie huyo ndiye mke mkubwa na hana mpango wa kudai talaka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni habari aliyoleta Haraka, yule dada wa ofisi ya ustawi anayekuja asubuhi kuniogesha na kunivisha. Jina nilimpa mwenyewe kwa sababu ana nyumba nyingi za kupita kabla jua halijapanda. Wanaosema haraka haina baraka hawajamwona akinivisha soksi. Bila yeye mikono yangu haifiki juu ya mabega, unajua mwenyewe. Mabega yangu yalibaki kwenye pasi za hospitali.

Anasema wazee wote tunapimwa upya. Zamani ulikuwa ukifikisha umri unapewa msaada, kama ulivyopewa sare ulipoajiriwa. Sasa atakuja mtu kutoka ofisini kutazama tunavyoishi, atupe alama, na wasiofikisha alama wataondolewa msaidizi. Mimi sina wasiwasi. Mtu akija kuona, ataona. Tumeshusha mapazia yakafuliwe, na nimeagiza biskuti. Wewe uliye makao makuu ya ofisi hiyo hiyo, hebu niambie: wageni wa namna hii wanakunywa chai ya maziwa au ya rangi?

Usipige simu. Nasikia ngurumo tu. Masikio yangu niliyaacha kwenye mashine za kufulia. Na vile vibonye vya kuandikia ujumbe, vidole vyangu havivilengi. Andika.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Jumatano, 12 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kifua kimepona na chakula nakula. Barua yako imefika leo, posta wameilalia. Tafadhali isome hii yote kabla hujafanya lolote.

Bibi, huyo si mgeni. Ni mkaguzi. Anakuja na maswali yaliyochapwa, na kila jambo usiloweza kufanya lina alama zake. Akishajaza, majibu yanakuja huku kwetu. Sisi tunakaa mbele ya kompyuta, tunasoma alichoandika, tunajumlisha. Ukizidi kiwango, msaidizi anabaki. Ukipungua, anaondoka. Mimi nasoma za kanda nyingine. Za kwenu siruhusiwi kuzifungua, na nikizifungua itajulikana. Hapa hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wa hao wazee.

Kwa hiyo mapazia yaache chini. Chai usipike, ya maziwa wala ya rangi. Akigonga usiinuke, Haraka akitoka asubuhi aache mlango umerudishwa tu. Akiuliza habari za afya, usimwambie nzuri. Wengi huanguka hapo hapo: wanaulizwa habari, wanajibu nzuri, na mkaguzi anaandika nzuri. Na akiaga, usimsindikize mgeni. Unaona, hata mimi nimemwita mgeni.

Si uongo, Bibi. Ni kumwonyesha siku zako za kawaida badala ya siku ya wageni.

Mjukuu wako,
mumeo mdogo


Jumapili, 23 Februari

Mume wangu,

Sijambo. Najua umenikataza neno hilo, lakini wewe si mkaguzi. Natumaini nawe u mzima.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mgeni alikuja Jumanne.

Alikuwa kijana mstaarabu, soli za viatu zimeliwa upande mmoja kama za mtu anayetembezwa sana na kulipwa kidogo. Alivivua mlangoni bila kuambiwa. Akaniamkia, akaniuliza habari za afya kwa sauti ya sokoni ili nisikie, nikamwambia nzuri. Ulitaka nimwambie nini mtoto wa watu, amepanda ngazi zote zile?

Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Kitambaa cha meza nilikipiga pasi mwenyewe, mkono mmoja ukiusaidia mwingine, maana kazi hiyo Haraka simwachii. Anapiga pasi kama anafukuza nzi. Sinia la chai nililibeba mwenyewe pia. Katikati ya safari niliegemea ukuta nikapumzika kidogo, lakini yeye alikuwa ameinamia karatasi zake, hakuona, nami nilishukuru hakuona.

Akauliza kama naweza kupika. Nikamwambia onja chai ujijibu mwenyewe. Akacheka. Akauliza kama naweza kuandika. Nikamwonyesha kalamu yangu na barua niliyokuwa nimeianza kwa ajili yako. Akasema, "Bibi, mwandiko wako unanishinda hata mimi." Nilifurahi siku nzima, sikufichi. Swali la ngazi hatukulifikia vizuri, kwa sababu alikuwa ameshainuka kuaga, na mimi nikainuka naye. Mgeni haachwi aende peke yake kama mwizi. Nilimsindikiza mpaka getini. Njiani akaniambia mama yake naye anaumwa magoti, nikamweleza namna ya kuyachua. Alipofika kwenye kona aligeuka akanipungia mkono.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Nilikaa kwenye ngazi ya chini kabisa mpaka yule fundi viatu wa pale chini akagundua kwamba sipandi. Yeye na mkewe walinishika kwapa huku na huku wakanipandisha kama kabati. Kesho yake sikuinuka, na keshokutwa Haraka alinipa barua yako kitandani. Nilipofika pale penye "usimsindikize mgeni" nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha sikucheka tena.

Lakini labda tunahangaika bure. Kijana ana macho yake.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Jumatatu, 10 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini hali yako ni afadhali. Mimi mzima.

Nakala ya uamuzi uliyonitumia nimeipata. Nimeisoma kwa jicho la kazini, kwa sababu la mjukuu lisingesaidia. Mkaguzi hakusema uongo. Ameandika: anapiga pasi, anaandaa chai na kubeba sinia, anaandika kwa mkono, afya nzuri kwa maelezo yake mwenyewe, alinisindikiza mpaka getini. Bibi, karatasi hii ingepita mezani kwangu, ningejumlisha kama alivyojumlisha mwenzangu, halafu ningekwenda kula. Naona aibu kuliandika hilo lakini ndivyo lilivyo.

Haraka ataacha kuja wiki hii ikiisha. Tumekata rufaa, nimekuandalia maombi, weka sahihi tu, au kidole gumba, kidole ni bora zaidi. Atakuja mkaguzi mwingine. Nimemuuliza mkuu wangu kama naweza kuwepo siku hiyo. Amesema mfanyakazi akikaa chumbani na ndugu yake, rufaa inatupwa. Kwa hiyo utakuwa peke yako naye.

Mpokee ukiwa kitandani. Usimkaribishe chochote. Jibu kwa siku mbaya. Na kuandika, Bibi, sema huwezi. Swali hilo lina uzito kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anayeandika wanamhesabu ana vidole, ana macho na ana akili, vyote kwa mkupuo mmoja.

Ulipiga pasi mashuka ya hospitali ile mpaka mimi nikamaliza shule. Nimetafuta kama kuna swali linalouliza hilo. Halipo.

Mjukuu wako


Jumapili, 30 Machi

Mume wangu,

Salamu nyingi. Afya yangu nitakueleza kama unavyotaka, siku mbaya kwanza.

Haraka ameondoka. Naoga kwa kitambaa nikiwa nimekaa kwenye stuli, na mgongo namwachia Mungu. Vifungo nimeachana navyo. Navaa lile gauni la kupitisha kichwani. Kulivua ni kesi nyingine, kwa hiyo nalala nalo. Siku moja nilijifanya msichana nikaingia bafuni kuoga kama zamani, nikateleza nikakaa chini. Sikuvunjika. Nilikaa tu, maji yanatiririka, na bomba liko pale juu linanitazama. Fundi viatu alipoona maji yanashuka ngazini ndipo akaja kuvunja kitasa. Alinitoa akiwa amefumba macho kwa heshima, na mtu aliyefumba macho hajui aendako, tukajigonga mlangoni wote wawili. Tulicheka sana. Lakini kabla hajaja niliogopa, mume wangu. Sijawahi kuogopa hivyo.

Mkurugenzi amekuja kunipa pole. Yule aliyekuwa mkubwa wetu pale hospitali, wa nyumba yenye ua la maua mwisho wa mtaa. Alipanda ngazi zote bila hata kutweta. Yeye amepewa msaidizi asubuhi na jioni, tena msaidizi mwenyewe ni Haraka. Binti yake wakili alimtafutia mtu wa kumfundisha namna ya kumpokea mkaguzi: alilazwa kitandani, mapazia yakafungwa, akajibu kwa kunong'ona. Alinisimulia bila kuona haya, kama mtu anayekuelekeza duka lenye nafuu. Kwa kuwa anaoga mwenyewe, Haraka anampigia pasi mashati. Nimeitazama kola. Imeungua pembeni.

Sina kinyongo naye. Mke alishamtoka, watoto wako mbali, na alikaa kwangu mpaka chai ikapoa kwenye birika. Upweke wake ni wa kweli, ila nao hauna swali kwenye karatasi zenu. Alipoaga nilimwambia atanisamehe simsindikizi, nafanya mazoezi.

Kulala mbele ya mgeni naweza kujifunza. Kumnyima chai, nitauma meno. Lakini kusema siwezi kuandika, na kalamu iko pale mezani? Mimi neno nikishalitoa mbele ya mtu huwa naishi nalo. Niache nifikiri.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Jumamosi, 5 Aprili

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Usinijibu.

Habari ya bafuni niliisoma kazini saa ya mapumziko. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi za dharura mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kunitafuta. Akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Mkaguzi wa rufaa atakuja Alhamisi, tarehe 24. Ni mama wa makamo. Nakuomba, Bibi. Kalamu itie kabatini, barua zangu zitie chini ya godoro. Akiuliza sema huwezi. Ni neno moja tu. Likishapita limepita, hakuna mtu atakayekufuatilia.

Mjukuu wako,
anayekuomba


Jumapili, 4 Mei

Mume wangu mpendwa,

Marahaba, na tena marahaba, itunze hiyo ya pili kwa baadaye.

Tumeshinda. Haraka amerudi, anakuja kila asubuhi, na mgongo wangu umeonana na sabuni. Siku ya kwanza alinikuta na vidonda pale gauni lilipokuwa linasugua, akafoka kama mimi ndiye niliyemfukuza. Sasa vinaanza kukauka.

Yule mama alikuja Alhamisi kama ulivyosema. Nilimwitikia nikiwa kitandani, "Ingia, mlango u wazi." Akaingia akasimama katikati ya chumba na mkoba wake. Hakuna aliyemwambia kaa. Alitafuta kiti kwa macho, akakipata mwenyewe, akakaa ukingoni mwake kama mtu aliyekosa tiketi. Siku ilikuwa ya joto, nikamwona anameza mate. Jagi la maji lilikuwa karibu na mkono wangu. Sikumpa. Aliniuliza habari za afya, nikasema mbaya. Nimeishi umri wote huu sijawahi kumjibu mtu hivyo, nikajiona nimemtukana mzazi wake.

Akauliza kama naweza kushika kalamu na kuandika. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekuandikia mistari miwili nikaichana, na wino ulikuwa bado kidoleni. Nikakificha kidole chini ya shuka nikasema siwezi. Akaandika. Alikuwa na huruma, machozi yalimlengalenga, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alipoaga sikuinua hata kichwa. Mlango ulipofungwa nilimsindikiza kwa mawazo, ngazi baada ya ngazi, mpaka getini, nikamwonyesha mahali penye saruji iliyobomoka asije akajikwaa.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie. Nilisema siwezi kuandika, kwa hiyo siandiki tena. Hii ni ya mwisho, nayo nimejiruhusu kwa sababu usingejua kama tumeshinda, ungehangaika. Najua hakuna atakayenifuatilia. Lakini nimempokea yule mama vibaya kuliko nilivyowahi kumpokea binadamu, nimemnyima maji na kiti, na juu ya hayo nimwache pia na uongo? Siwezi kumrudishia maji. Hilo neno moja naweza kulifanya liwe kweli.

Haraka amejitolea kuniandikia. Nimekataa. Muda aliopewa ni wa kuoga, na hautoshi hata miguu yote miwili. Halafu tangu lini mke akamtuma mtu amwandikie mumewe?

Wewe usiache kuniandikia. Kusoma hawakuniuliza.

Kula vizuri. Usilale madirisha wazi, kifua chako nakijua. Nakupenda, na hilo nililisema nikiweza kuandika, kwa hiyo linasimama.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Jumapili, 1 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo.

Nimekuandikia mara kadhaa tangu Mei na najua umezipata, kwa sababu Haraka alinitumia ujumbe kwamba unazisoma wakati anakusugua miguu, na kwamba unacheka mahali ambapo yeye haoni cha kuchekesha. Nimefurahi. Lakini kila nikirudi kutoka kazini bado nafungua kisanduku cha barua, nakuta bili na matangazo ya magodoro.

Bibi, mimi ndiye niliyekuambia useme lile neno. Dhambi yake nibebe mimi, wewe uandike. Hata mstari mmoja. Hata tusi.

Mumeo mdogo


Jumapili, 6 Julai

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Najua hutanijibu, kwa hiyo leo sikuulizi kwa desturi, nauliza kweli.

Wiki iliyopita ilinijia karatasi kutoka kanda ya mbali. Mzee mwanamume, zamani mpiga chapa, anaishi peke yake. Alama zake hazikufika. Mwishoni mkaguzi aliandika, "Alinisindikiza mpaka barabarani." Karatasi za namna hiyo nimezipitisha nyingi, Bibi, sijui ngapi, na sikumbuki hata moja. Hii sikuweza kuijumlisha. Nikairudisha kwa mkaguzi na swali: alirudije nyumbani?

Mkuu wangu aliniita. Akasema swali hilo halipo kwenye utaratibu, nimelitoa wapi? Nikamwambia nyumbani. Akaniuliza kama najua wako wangapi wanaosubiri kwenye foleni, nikamwambia najua. Amenipa onyo la kwanza. Tangu siku ile nalirudia swali kila ninapokuta mzee amesindikiza mgeni, na wanaosindikiza ni wengi kuliko unavyofikiri. Baadhi ya wakaguzi wanajibu kwamba hawakugeuka kutazama. Mmoja alirudi kwa yule mzee kumuuliza. Wengi wananitukana. Meza hii sidhani kama nitaikalia muda mrefu, ila bado naikalia.

Yule mpiga chapa amepangiwa mkaguzi mwingine. Zaidi ya hapo sijui.

Nimeomba likizo, nimepewa. Jumamosi nitakuwa kwako kabla ya mchana. Nikigonga usiinuke; Haraka ameahidi kuacha mlango umerudishwa. Mapazia yaache yalivyo. Chai nitachemsha mimi, ingawa najua utasema ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria, na kitambaa cha meza nitakipiga pasi mimi, wewe ukae kitini unielekeze. Ukiniona naharibu, sema.

Na nitakapoondoka, kama magoti yatakubali, nisindikize. Hata mpaka mlangoni tu. Tukijikuta tumefika getini, nitakurudisha mwenyewe mpaka kitandani, na sitaandika popote.

Mjukuu wako,
mumeo mdogo